Kidole cha Karani

Urefa umeniharibu. Miaka kumi na minne ya kusimama katikati ya watu ishirini na wawili, kila mmoja akiapa kwamba hakumgusa mwenzake, imenifanya nisimwamini hata mtu anayenisalimia vizuri. Kwa hiyo msomaji ajue mapema: habari za Karani anazipata kutoka kwa mtu ambaye kwa muda mrefu alikuwa akimtafutia kosa.

Alikozaliwa sijui, na ukoo wake sikuuliza. Nilimkuta hapa Same, jirani yangu wa ukuta mmoja, mzee mwembamba wa miaka sabini na kitu, aliyestaafu ukarani wa kupima kahawa ya wakulima huko juu Msangeni. Aliniambia mwenyewe kwamba zamani alikuwa na kitambi kilichomtangulia mlangoni. Siku daktari alipomwambia kuwa presha na maumivu ya magoti vyote chanzo chake ni kitambi hicho, alinunua mizani ndogo ya jikoni, ile bapa ya betri, akanunua na daftari, akaanza kujipimia chakula kama alivyokuwa akiwapimia watu kahawa. Kitambi kiliondoka mwaka huohuo. Mizani na daftari vilibaki.

Mimi nilimwendea kwa shida. Refa wa wilaya akitaka kupanda ngazi hupimwa mbio, na umri una kikomo chake. Nilikuwa nimeshafeli mara mbili. Ilibaki nafasi moja, miezi mitano mbele, na baada ya hapo ningebaki kuchezesha bonanza za shule mpaka nizeeke. Pumzi nilikuwa nayo. Tatizo lilikuwa kilo kumi na moja nilizozibeba bila kazi yoyote. Hata watazamaji walishaziona. Kule Kwakoa jamaa mmoja alinipigia kelele mbele ya kijiji kizima: "Refa, mpira umeshafika golini, wewe unatoka lini?"

"Shikamoo, Karani," nilimwambia jioni hiyo ukutani.

"Marahaba. Umekuja kupungua." Hakuuliza. Alikuwa akinitazama tumboni.

"Nataka nijue wewe ulifanyaje."

"Niliandika kila kilichoingia mdomoni. Ukikisahau kimoja, ujue hicho ndicho kinachokunenepesha."

Kisha akanifundisha wimbo wake, nao ulikuwa na maneno matatu tu: nne, nne, tisa. Gramu ya wanga kalori nne, gramu ya protini kalori nne, gramu ya mafuta kalori tisa. Aliuimba akimenya viazi, akifunga viatu, akimsubiri muuza maziwa. Nilimwambia simu yangu ina aplikesheni ya kuhesabu yote hayo. Akaniambia simu ni karani mzuri, lakini haikai jikoni.

Kuhusu mafuta ya kupikia alikuwa mkali kuliko kuhusu kitu kingine chochote. "Mafuta hayana sauti," alikuwa akisema. Binti yake, ambaye ndiye aliyempikia, alikuwa na mkono wa ukarimu, anamimina mpaka sufuria inong'ae. Karani hakugombana naye. Aliipima chupa ya mafuta kabla binti hajaanza kupika, akaipima tena baada ya kupika, akatoa, akagawanya kwa idadi ya walaji, akaandika. Binti alikuja kugundua baada ya miezi, naye akakasirika kana kwamba amekutwa na kosa la kweli. Mimi nilimwelewa. Mtu anayepima chupa yako kimyakimya hawezi kuwa anakuamini.

Perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu aliwapenda sana kwa ajili ya protini, na huko ndiko alikopatia sifa mbaya. Alimpima samaki kabla ya kula, akala taratibu, kisha akairudisha sahani kwenye mizani na kupima miiba na kichwa, ili avitoe kwenye hesabu. Siku moja mgeni wa binti yake aliona mzee ameinamia mifupa ya samaki na kuiandika daftarini. Mgeni huyo hakumaliza soda yake. Kwa wiki nzima mtaa wetu uliamini tunaishi na mganga.

Wewe unaona kichekesho hapo. Mimi niliona kitu kingine. Karani hakununua kamwe kitu kilichopimwa na mtu mwingine. Sokoni alinunua kwa fungu, kwa kopo, kwa mkungu. Nyama aliinunua, ndiyo, lakini alisimama upande wa muuzaji, si upande wa wateja, macho yakiwa kwenye vidole vya muuzaji na si kwenye mshale. Na akipima cha kwake hakutaka mtu amsimamie nyuma. Nilijiuliza: mtu mwaminifu anayajulia wapi haya?

Muuza maziwa, mama wa Kimasai aliyetoka tambarare na vidumu vyake kila asubuhi, alipata tabu naye.

"Leo umeongeza maji," Karani alimwambia.

"Karani! Kila siku unanishuku mimi!"

"Namshuku kila mtu, mama, nikianzia na mimi mwenyewe. Maji sina ugomvi nayo, hayana kalori. Mimi nadai protini yangu."

Mama yule alicheka mpaka akashikilia kitasa cha geti, na kesho yake maziwa yalikuwa mazito.

Lakini asije mtu akadhani alikuwa mchoyo wa roho. Alikunywa chai ya saa kumi na vijiko vitatu vya sukari vilivyojaa, kila siku, na hakuona haya. Nilipomsema alinionyesha daftari. Sukari ilikuwa imeandikwa. "Dhambi iliyoandikwa ni nusu," akasema, akakoroga. Misibani nako aliiacha mizani nyumbani, akala alichopewa, makande au wali, akamshukuru mpishi. "Msibani hupimi," aliniambia tukirudi. "Ukifika kwako ndio unakisia. Na makisio yako uyaongeze robo, maana mtu akijikadiria hujipendelea."

Neno hilo niliondoka nalo. Nalitumia mpaka leo, hata uwanjani.

Sasa nifike kwenye kidole. Mwezi wa kwanza wa mafunzo yangu alikuwa akinionyesha jinsi ya kuiweka mizani mahali palipo sawa, na jinsi ya kurudisha sifuri baada ya kuweka sahani. Ghafla akasema, "Tazama." Aliweka bakuli la maharage. Mizani ikasema mia tatu. Kisha, akiendelea kuzungumza na mimi, macho yake machoni mwangu, mizani ikashuka mpaka mia mbili na sabini. Sikuona kitu. Akarudia mara ya pili, na hapo ndipo nilipoona ncha ya kidole chake cha shahada imeingia chini ya ukingo wa bakuli, inaliinua kidogo, kama mtu anayegusa kikombe kuona kama chai imepoa.

"Hivi ndivyo wanavyofanya," alisema.

Nilicheka naye, lakini mwili ulinisisimka. Mimi nimeona washambuliaji wakijiangusha ndani ya boksi. Anayejiangusha mara ya kwanza unamjua, anatazama chini kabla ya kuanguka. Yule aliyezoea hatazami. Kidole kile hakikutazama chini.

Na maneno yalikuwepo. Watu wa milimani walioshuka Same kwa shughuli zao walikuwa na lao la kusema. Mzee mmoja alipomwona Karani akipita barabarani asubuhi, amenyooka, mikono nyuma, alitema mate pembeni. "Gunia likipita mkononi mwa yule lilikuwa linakonda," alisema. "Sasa naona amejikondesha na yeye mwenyewe." Sikumtetea jirani yangu. Niliyaweka maneno yale akibani.

Wiki sita zikapita. Niliandika kila kitu, niliamka alfajiri kukimbia kuelekea mlimani na kurudi, nikaacha chapati, nikaacha soda, nikaacha hata kuonja mboga ya mke wangu. Nilipanda kwenye mizani ya watu pale zahanati. Nilikuwa nimepungua nusu kilo. Wiki ya saba, hamna. Wiki ya nane, nilikuwa nimeongezeka.

Daftari langu lilikuwa safi. Karani alilikagua na kusema, "Hesabu inasema upungue. Basi kuna kitu unakula hakimo humu."

Yaani mimi ndiye mwongo! Hasira ilinipanda. Tulikuwa mgahawani, watu watano sita wanakunywa chai, na mimi nikasema kwa sauti ya uwanjani: "Au labda ni mizani yako, Karani. Labda unanipunja mimi kama ulivyowapunja watu wa kahawa."

Vikombe vilisimama hewani. Karani alikunja kipande chake cha gazeti mara mbili, akakiweka mfukoni. Hakukana. Mtu asiye na kosa hukana, ndivyo nilivyowaza, na aibu yangu ndogo ikafa hapohapo.

"Sawa," alisema. "Itisha watu."

Sisi Wapare tunataniwa kwamba mtu wetu yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Siwezi kubisha, maana mimi niliitisha baraza la kushtaki mizani ya jikoni. Alikuja balozi wetu wa nyumba kumi, akaja jirani wa upande wa pili ambaye ni fundi cherehani, akaja mama wa maziwa ambaye hakuitwa. Tulikaa uani kwa Karani, mizani juu ya stuli. Mimi nilileta ushahidi wangu: pakiti ya chumvi ya nusu kilo, imefungwa, nimeinunua mwenyewe, sikuiacha mkononi mwa mtu.

"Mshtakiwa akae mbali na mizani," balozi alisema. Karani akasogeza kiti chake mpaka kwenye ndoo za maji, akaweka mikono yote miwili juu ya magoti, vidole wazi, kila mtu avione.

Balozi aliweka pakiti. Mia tano na tatu.

"Tatu ni za mfuko," alisema fundi cherehani.

Tukapima pakiti ya majani ya chai. Sawasawa. Tukapima kilo ya sukari. Sawasawa. Mizani ilishinda kesi mbele ya mashahidi watatu, na mimi nilikaa pale kama beki aliyejifunga.

"Sasa na mimi nina ombi," Karani alisema. "Naomba kuona sufuria ya refa."

Tukahamia kwangu, baraza zima. Mke wangu alikuwa ameinjika makande, mahindi ya kukoboa na maharage, chakula chetu cha siku nne katika wiki. Karani alimwuliza kwa adabu, "Mama, sehemu ya mzee humu utaijuaje?"

Mke wangu akazamisha mwiko, akaibua kifuko cheupe cha kitambaa kilichofungwa shingo kwa uzi. "Ndiyo hii. Anapima nafaka zake asubuhi zikiwa kavu, anazifunga humu, zinachemka na zetu bila kuchanganyika. Mimi nakiita mgonjwa. Leo mgonjwa bado hajaiva."

Watu walicheka sana. Karani hakucheka.

"Kavu unapima ngapi?"

"Mia mbili na hamsini," nilisema. "Si ulisema nipime kabla ya kupika?"

"Nilisema. Na kwenye simu unachagua nini?"

Nikamwonyesha. Nilikuwa nikichagua makande yaliyopikwa, gramu mia mbili na hamsini.

Karani alifumba macho. Akaomba kifuko kile kikiiva kipimwe. Tulisubiri, balozi akapewa chai. Kilipoiva kikafunguliwa kwenye bakuli, na mizani ileile iliyoshinda kesi ikasema zaidi ya nusu kilo. Nafaka zilikuwa zimekunywa maji. Mimi nilikuwa nikila bakuli zima na kuandika chini ya nusu yake, siku nne kila wiki, kwa mwandiko mzuri.

"Kilo ya kahawa mbivu na kilo ya kahawa kavu ni vitu viwili," Karani alisema. "Ukipima kavu, andika kavu. Ukipima iliyoiva, andika iliyoiva. Nilikwambia nusu tu ya neno, hilo ni kosa langu. Kosa lako ni lile la mgahawani."

Nilimwomba msamaha. Ilikuwa samahani ya refa, ile ya kupuliza filimbi na kuashiria mchezo uendelee. Alisema yameisha. Nami nikakubali kwamba yameisha, kwa sababu nilitaka yaishe, na bado nilikumbuka kuwa mgahawani hakukana.

Kwa miezi miwili na nusu iliyobaki nilipungua kilo tisa. Nilikwenda kwenye majaribio Moshi nikiwa na uji wangu kwenye chupa, umepimwa na yeye, na karatasi ya maelekezo kana kwamba ninapeleka mgonjwa rufaa. Nilimaliza mzunguko wa mwisho muda ukiwa umebaki kama pumzi mbili. Nilimpigia simu Karani kabla ya kumpigia mke wangu. Alisema, "Hongera. Jioni usijisahau, andika na hiyo soda." Nilikuwa nimeishika mkononi.

Mwaka juzi binti yake alipata kazi huko juu, wakahamia Msangeni. Tulipigiana simu, kisha tukapunguza, kama ilivyo kawaida ya watu. Mwezi uliopita binti akanipigia mwenyewe, na sauti yake haikuwa ya salamu.

"Kaka, njoo umwone baba. Amekonda mno. Daktari anataka ale zaidi, mzee anasema kitabu kimejaa. Kile kipimo alichojiwekea enzi za kitambi hajakibadilisha mpaka leo. Mimi hanisikii. Labda wewe."

Nilipanda siku ya pili. Nilimkuta amekaa kivulini ukutani, shati limekuwa kubwa, shingo imekuwa ndogo. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba na kunitazama tumboni, nikafurahi kwamba hilo halijabadilika. Hospitali hawakuona ugonjwa wa kutaja. Alikuwa anazeeka huku akila chakula cha mtu anayepungua.

Ilikuwa saa saba mchana. Binti alileta makande yaliyopondwa na maziwa, akaleta mizani, daftari na kalamu, akanikonyeza, akarudi jikoni. Mikono ya Karani ilikuwa inatetemeka, kwa hiyo mimi ndiye niliyepima. Aliniambia nafasi iliyobaki kwenye kipimo cha siku ni gramu mia mbili. Bakuli nililiona kwa macho: lilikuwa na zaidi ya mia nne.

Nikafanya nilichofundishwa. Nilimtazama machoni, nikamwuliza habari za mvua, na kidole changu kikaingia chini ya ukingo wa bakuli. Mizani ikashuka mpaka mia mbili na kitu.

"Toa kidole, refa," alisema kwa upole.

Nikatoa.

Alinyoosha mkono kuelekea nyumba iliyo ng'ambo ya migomba. "Maharage haya yametoka pale. Mama wa pale analeta kila wiki, anamimina tu kwenye ungo, hapimi. Mume wake, marehemu, nilimpimia kahawa misimu mingi sana." "Ulichosema mgahawani kilikuwa kweli. Niliwapunja. Si wote, na si kila msimu, lakini yule nilimpunja. Kidole hikihiki. Nilipostaafu nikasema niwe na kitabu kimoja ambacho hakina uongo, hata kama ni cha ugali. Sasa na wewe unataka kukichafua."

Miaka yote ile nilikuwa nangojea maneno hayo. Nilidhani nikiyasikia nitajisikia kama refa aliyeona sawa, ambaye picha za marudio zimemthibitishia. Sikujisikia hivyo. Nilikuwa na huzuni, na nilikuwa nampenda mzee yule, na chakula kilikuwa kinapoa.

"Basi tusikichafue," nilisema. "Tuandike kweli, na ule."

"Imezidi kipimo."

"Imezidi. Tutaandika imezidi."

Alilitazama bakuli kwa muda. Kisha akalitazama lile paa la ng'ambo ya migomba.

"Ni ngapi?"

"Mia nne na thelathini."

"Andika wewe. Mimi mkono wangu haufai." Akaniachia daftari, ambalo katika miaka yote sikuwahi kumwona akimwachia mtu. Niliandika makande yaliyoiva, mia nne na thelathini, na yeye akaegemea begani mwangu kuhakikisha sijapunguza. Aliporidhika, akaomba kijiko.